Mlango wa bweni unafungwa kwa nje: sheria inasemaje, na mzazi afanye nini?

Mama Akinyi wa Kondele, Kisumu, ameniandikia hivi:

"Salamu, Wakili. Binti yangu yuko kidato cha pili katika shule ya bweni kule Vihiga. Siku ya wazazi niliingia bwenini kumpangia vitu vyake, nikaona madirisha yote yana grili, na mlango unaotumika ni mmoja tu. Ule wa nyuma umezibwa kwa masanduku. Binti akaniambia kwamba usiku matroni hufunga kwa kufuli kwa nje, kisha huondoka na funguo. Nilipomuuliza naibu wa mwalimu mkuu akasema ni kwa usalama wa wasichana wenyewe. Mwenyekiti wa wazazi naye akaninong'oneza nisilete siasa shuleni. Sheria inasemaje? Na nikisukuma jambo hili, wanaweza kumfukuza mtoto?"

Mama Akinyi, nianze na jibu fupi. Mlango wa bweni haufungwi kwa nje watoto wakiwa ndani. Iwe mchana au usiku, shule ya wasichana au ya wavulana, ya serikali au ya binafsi, ni hivyo hivyo. Na hawawezi kumfukuza binti yako kwa sababu mama yake ameuliza habari ya kufuli. Sasa tuingie ndani, maana kwenye ofisi ya mwalimu mkuu utahitaji zaidi ya "nimesikia wakili akisema".

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na ndio unaotumika hadi leo kupima mabweni. Unasema nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita katikati isipungue mita 2. Mlango uwe na upana wa angalau futi 5, ufunguke kuelekea nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwemo. Bweni liwe na mlango kila upande na njia nyingine ya dharura katikati, yenye maandishi yanayosomeka. Madirisha yasiwe na grili na yafunguke kirahisi. Mitungi ya kuzimia moto iwepo kila penye njia ya kutokea, na iwe inafanya kazi. Kila usiku kabla ya kulala majina yaitwe. Kwa hiyo katika dakika zako chache bwenini umeona makosa yasiyopungua matatu: grili, mlango wa nyuma uliozibwa, na kufuli.

Naibu anaweza kukujibu kwamba mwongozo huo huo unataka mabweni yafungwe na funguo zishikwe na matroni. Ni kweli, sentensi hiyo imo. Lakini inazungumzia saa ambazo wanafunzi wako darasani au uwanjani, ili mtu asiingie kuiba, kujificha au kuficha petroli chini ya godoro. Nimewasikia walimu wengi wakiishika nusu hiyo kwa moyo safi kabisa, wakaigeuza kuwa sheria ya usiku. Ukiwa na mwongozo mkononi, mwombe asome sehemu hiyo kwa sauti hadi mwisho.

Kwa nini kufuli likawa jambo kubwa hivi? Machi 1998, shule ya Bombolulu kule Kwale, wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini. Madirisha yalikuwa na grili na mlango ulikuwa umefungwa. Machi 2001, Kyanguli kule Machakos, wavulana 67. Pale nako mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa 2008 uliandikwa baada ya misiba hiyo, na ukiusoma ukijua yaliyotokea utaona kila mstari wa sehemu ya mabweni una makaburi nyuma yake. Hata hivyo Septemba 2017 tukazika wasichana 10 wa Moi Girls Nairobi, na usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 wavulana 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri. Baada ya Endarasha serikali ilikagua shule za bweni, na Novemba 2024 Wizara ikatangaza kufunga sehemu za malazi katika shule 348 za msingi.

Nitakaa kidogo kwenye mlango, kwa sababu hoja ya naibu haikosi mantiki na lazima uwe na la kumjibu. Magodoro mengi ya shule ni ya sponji. Sponji ikishika moto hutoa moshi mzito mweusi, na moshi huo ndio unaoua wengi kabla moto haujawafikia. Bweni hujaa moshi kwa dakika chache tu. Stima huwa imekatika au imezimwa. Watoto wanaamka wakikohoa na kukimbilia mlango wanaoujua, ule wanaoingilia kila siku. Kama mlango unafunguka kuelekea ndani, wa mbele wanasukumwa na wa nyuma na mlango haufunguki hata kama hauna kufuli. Ndiyo maana mwongozo unataka ufunguke kuelekea nje. Kama kufuli lipo, mtu wa kwanza kuhitajika ni matroni, ambaye amelala nyumbani kwake upande wa pili wa uwanja. Aamke, atafute funguo, akimbie, kisha aguse chuma ambacho tayari kina moto. Mwulize naibu, kwa heshima tu: hiyo safari yote huchukua dakika ngapi? Mmewahi kuipima?

Hofu yake ya wezi, ya wavulana wa kijijini na ya wasichana kutoroka ni hofu ya kweli, na mwalimu mkuu aliyepoteza mtoto kwa kutoroka naye atafikishwa mbele ya bodi. Lakini dawa zake zipo na hazihitaji kufuli la nje. Komeo liwe la ndani, lile ambalo mtoto wa kidato cha kwanza analifungua gizani kwa mkono mmoja. Askari wa usiku alinde mlango badala ya kulinda stoo ya mahindi. Matroni alale ndani ya jengo au chumba kinachopakana nalo. Ua na lango vifanye kazi yao. Majina yaitwe usiku, tena si kwa kuhesabu vichwa juu juu. Shule inayosema haina pesa za haya yote huwa imepata pesa za grili, na grili si rahisi.

Sasa tuje kwenye uzito wa kisheria. Mwongozo wa 2008 si sheria ya Bunge, na usikubali mtu akushangilie kwamba amekushinda akisema hivyo. Nguvu yake inatoka kwingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 59, inaipa bodi ya usimamizi, hii tunayoiita BOM, kazi ya kuhakikisha usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi. Katiba, ibara ya 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya zamani ya wajibu wa mwenye jengo inamtaka ajue kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Jaji akiuliza bodi ilipaswa kufanya nini, kipimo kilicho karibu naye ni kile ambacho Wizara yenyewe imekiandika na kukisambaza shuleni.

Kuna na jambo ambalo wazazi na hata walimu hulisahau: shule ni mahali pa kazi. Kwa hiyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, pamoja na kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo, zinaigusa. Kanuni hizo zinataka zoezi la kutoka wakati wa moto lifanyike angalau mara moja kila miezi 12, na ukaguzi wa usalama wa moto ufanywe kila mwaka. Ukaguzi huacha ripoti, na ripoti unaweza kuiomba.

Hapo ndipo nakuja kwenye ushauri wangu wenyewe, ambao si wote katika taaluma hii wanaukubali. Kila baada ya msiba husikia wito wa sera mpya, kamati mpya, jopo jipya. Tulikuwa na ripoti ya jopo la Wangai kuhusu fujo za shuleni mwaka 2001, tukawa na ya Claire Omolo mwaka 2016 shule zilipochomwa moja baada ya nyingine, hasa upande wa Gusii. Maneno tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni mzazi aliyeandika barua yenye tarehe na kupigiwa mhuri. Mahakamani, neno zito kuliko yote ni kujua. Bodi iliyoandikiwa tarehe fulani kwamba mlango wa nyuma umezibwa haiwezi tena kusema haikujua. Bodi hiyo hiyo, ikiwa imelalamikiwa kwa mdomo tu siku ya wazazi kati ya soda na hotuba, inaweza kusema chochote.

Tazama kesi iliyotoka hapa Nakuru. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua shauri la wasichana wawili, wanaotajwa kwa herufi W.J na L.N, waliodhulumiwa kingono na naibu wa mwalimu mkuu wa shule yao ya msingi. Mahakama haikumwachia mwalimu peke yake lawama. TSC, yaani tume inayoajiri walimu, na serikali nao walibebeshwa, na fidia ya jumla ya shilingi milioni 5 ikaamriwa. Hiyo ni dhuluma na siyo moto, najua, lakini msingi unakuhusu: taasisi iliyokabidhiwa mtoto haiwezi kujificha nyuma ya mfanyakazi mmoja. Wakikwambia "hilo ni la matroni", kumbuka kesi hii.

Barua yako isiwe ndefu wala ya matusi. Usianze na Katiba. Anza na ulichokiona. Kwa mfano:

"Kwa Katibu wa Bodi ya Usimamizi. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Tarehe fulani niliingia bweni la (jina) na kuona yafuatayo: madirisha yote yana grili, mlango wa nyuma umezibwa kwa masanduku, mlango wa mbele unafunguka kuelekea ndani. Nimeelezwa kwamba usiku mlango hufungwa kwa kufuli kwa nje. Mambo haya yanakwenda kinyume na mwongozo wa usalama wa Wizara wa 2008. Naomba kufuli hilo liondolewe usiku wa leo na masanduku yahamishwe, na grili ziondolewe ndani ya muhula mmoja. Naomba pia nakala ya ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa moto na tarehe ya zoezi la mwisho la kutoka bwenini usiku. Ombi hili linahusu uhai wa watoto."

Kama hukuangalia mlango unafungukia wapi, futa hayo maneno. Usiandike usichokiona. Sentensi ya mwisho nayo si pambo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu muda ni saa 48. Wakikaa kimya au wakikataa, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Na angalia nilivyoligawa ombi: kufuli na masanduku ni ya usiku wa leo kwa sababu hayagharimu hata shilingi. Grili zinahitaji fundi na bajeti, zipe muhula mmoja. Bodi ikiona umelijua hilo itakuchukulia kama mtu mwenye akili timamu, si mgomvi.

Katibu wa bodi ni mwalimu mkuu mwenyewe, kwa hiyo peleka barua ofisini, na nakala yako ipigwe mhuri wa kupokelewa. Karani akikataa kupiga mhuri, itume kwa posta ya rejista. Nakala nyingine impelekee mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Hapa watu huchanganyikiwa. Mkurugenzi huyo, ingawa cheo chake kina neno "kaunti", ni mtu wa Wizara ya Elimu ya taifa. Gavana hana usemi juu ya shule ya sekondari. Katiba imemwachia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Ila huduma ya zimamoto ni ya kaunti! Ndiyo maana shule inaweza kuwa na wizara moja na gari la kuzima moto likawa na bosi mwingine. Muulize mwalimu mkuu kama ana namba ya zimamoto ya kaunti na kama barabara ya kuingia shuleni inapitisha lori wakati wa mvua. Kwa milima ya Vihiga, na barabara zake za udongo mwekundu, swali hilo si la kuchokoza.

Kama shule ina kanisa mfadhili, na kwenu Vihiga ni nadra isiwe nalo, basi nakala ya tatu iende huko. Mfadhili ana viti kwenye bodi. Nimeona barua iliyopuuzwa ofisini ikapata majibu wiki hiyo hiyo baada ya mchungaji kuisoma. Usiulize ni kwa nini. Ndivyo mambo yalivyo upande huu wa nchi.

Mwenyekiti wa wazazi aliyekunong'oneza, mpe nakala pia, tena mbele ya watu. Simhukumu. Wenyeviti wengi wana watoto shuleni humo na wanaogopa yale yale unayoyaogopa wewe. Lakini neno "siasa" lisikutishe.

Kuhusu kufukuzwa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumfukuza mwanafunzi. Kuna mlango mwembamba tu, kwa mwanafunzi mtukutu ambaye njia nyingine zote za kumrekebisha zimeshindikana, na hata yeye lazima asikilizwe pamoja na mzazi wake kwanza. Hakuna popote panaposema mtoto aadhibiwe kwa barua ya mama yake. Kisasi huja kwa njia nyingine, na nisikufiche: vijineno darasani, kunyimwa nafasi, kuitwa "yule wa mama wakili". Likitokea liandike, na tarehe yake. Adhabu ya viboko nayo ni marufuku kwa kifungu cha 36, pamoja na udhalilishaji wa kiakili. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Likizidi kuna simu ya watoto namba 116, haina malipo, na binti yako mwenyewe anaweza kuipiga.

Njia moja ya kupunguza kisasi ni kutokuwa peke yako. Tafuta wazazi wengine wa bweni lile lile, saini sita au saba zinatosha. Majina mengi kwenye karatasi moja humfanya mwalimu mkuu afikirie mlango badala ya kufikiria nani wa kumnunia.

Yapo mengine ambayo ungeweza kuyauliza na hukuyauliza, nayapitia haraka. Maji na jikoni: Aprili 2023 shule ya Mukumu Girls, Kakamega, ilifungwa baada ya wanafunzi kuugua kwa wingi na wengine kufa, na vipimo vikaonyesha uchafu wa vijidudu. Ngazi: tarehe 3 Februari 2020 watoto wa Kakamega Primary walikanyagana kwenye ngazi wakati wa kwenda nyumbani, na wasiopungua 13 wakafa bila moto wala mwizi. Kwa hiyo kama madarasa ya binti yako ni ya ghorofa, tazama upana wa ngazi na kama kuna ya pili. Viwango vya 2008 vina sehemu zake kwa haya yote, na barua moja inaweza kuyabeba, ingawa mimi ningeandika ya bweni kwanza, peke yake, ili isipate pa kuzamia.

Kuna na jambo la kufanya ambalo halihitaji ofisi yoyote. Binti akija nyumbani mapumziko ya katikati ya muhula, mwulize taratibu, si kwa kumtisha: ukiamshwa usiku na moshi, unatokea wapi? Kitanda chako kiko cha ngapi kutoka mlangoni? Njia ya pili ni ipi? Mwambie akitoka ainame, maana hewa ya kupumua iko chini, na aache sanduku, kwa sababu watoto wengi hurudi kuchukua nguo na vitabu wanavyojua mzazi alivigharimia. Mwambie waziwazi kwamba hutamgombeza kwa sanduku lililoungua. Maneno hayo ayasikie kwako.

Ukisikia mpango wa kuchoma bweni, usiuache ubaki uvumi wa simu. Kuchoma jengo makusudi ni kosa ambalo sheria ya makosa ya jinai inaliwekea hadi kifungo cha maisha, na utoto wa mtuhumiwa hauzuii kesi kufunguliwa. Mpigie mwalimu mkuu, na kama hashiki simu, mpigie OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu.

Kama baada ya barua na nakala zake zote bodi bado inafunga mlango usiku, ibara ya 22 ya Katiba inakuruhusu kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya mtoto wako na ya wenzake hata kabla jambo baya halijatokea, kwa sababu haki inayotishiwa inatosha. Unaweza kuomba amri ya haraka ya kuondoa kufuli wakati shauri likiendelea. Kesi za namna hii zina gharama na zinachosha, lakini barua yenye mhuri ndiyo kielelezo cha kwanza utakachoulizwa. Kuhamisha mtoto kunabaki kuwa haki yako wakati wowote. Ila kabla hujalipa karo kwingine, omba uoneshwe bweni la huko saa tatu usiku, si siku ya wazazi.